Rubani Asilipwe kwa Ahadi

Mwulize mzazi yeyote katika nchi hii ni kazi zipi ambazo angependa mwanawe azifanye, na hapana shaka urubani utatajwa mapema, bega kwa bega na udaktari na uanasheria. Sare nyeupe yenye mistari ya dhahabu mabegani, kofia, na kile kikoba kinachoburutwa kwa mkono mmoja katika uwanja wa ndege, vimetuaminisha kwamba kila aketiye mbele ya ndege ni mtu aliyekwisha kuukata. Imani hiyo ina ukweli, lakini ni ukweli nusu. Nchini Marekani, ambako usafiri wa ndege ni jambo la kila siku kama matatu kwetu, kwa miaka mingi walikuwako marubani waliobeba abiria hamsini au sabini kwa safari moja ilhali ujira wao ulikuwa haba kiasi cha kuwalazimisha kutafuta kibarua cha pili. Ningependa msomaji aelewe jinsi jambo hilo lilivyowezekana, maadamu vijana wetu nao wanaitamani kazi hiyo hiyo.

Marekani ilipoyaondolea mashirika ya ndege udhibiti wa nauli na njia mnamo 1978, mashirika makubwa yalizidi kukazania miji mikubwa na safari ndefu. Safari za miji midogo zikaachiwa mashirika madogo ambayo huko huitwa ya kanda. Abiria hununua tikiti ya Delta, United au American. Ndege anayoipanda imepakwa rangi za shirika hilo. Hata kitambaa cha kufutia mikono kina nembo yake. Lakini marubani na wahudumu aghalabu si waajiriwa wa shirika hilo. Wameajiriwa na shirika jingine lililopewa kazi kwa mkataba wa miaka kadhaa. Kubwa ndilo linalopanga ratiba, linalouza tikiti na, mara nyingi, linalolipia mafuta. Dogo hulipwa kwa safari, na mkataba ukiisha hushindana na madogo wenziwe. Je, yashindane kwa lipi, ikiwa nauli si yake, mafuta si yake, na ndege zimetoka katika viwanda vile vile? Kinachobaki ni mishahara.

Hata hivyo, ushindani peke yake hautoshi kueleza kwa nini mtu mwenye ujuzi adimu akubali ujira duni. Mwenye ujuzi adimu huhama. Rubani hahami kwa urahisi, na kinachomzuia ni nambari.

Hapa naomba ruhusa ya kuingiza kidogo taaluma yangu. Lugha yetu haijaamua iite nini heshima apewayo mfanyakazi kwa sababu ya miaka aliyokaa kazini. Wapo wasemao "ukongwe", wapo wasemao "ukubwa". Neno la kwanza lanuka uzee, na la pili ladokeza cheo, ilhali kwa rubani wa Kimarekani jambo lenyewe halihusu umri wala cheo. Linahusu kutangulia kuingia, basi. Nitaliita utangulizi. Neno "rubani" lenyewe ni kongwe kuliko ndege. Katika pwani yetu rubani alikuwa mjuzi wa miamba na mikondo, aliyekiongoza chombo hadi bandarini, wakati mkuu wa chombo alikuwa nahodha. Rubani wa Lamu akienda Kilwa alikuwa mgeni wa miamba ya huko, na haikuwa dhuluma aanze kujifunza upya. Anga haina miamba ya namna hiyo. Ndege aina moja huruka vile vile iwe ya shirika hili au lile, na hata hivyo rubani wa leo akihama shirika huanza upya kama yule wa Kilwa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Siku ya kuajiriwa, rubani hupewa nafasi katika orodha. Walioajiriwa siku moja hupangwa kwa umri, au kwa kura, au kwa hila nyingine ya kutenganisha waliofungana. Toka siku hiyo karibu kila kitu maishani mwake huamuliwa na nafasi ile: atakuwa kapteni lini, ataishi karibu na uwanja gani, ataendesha ndege kubwa au ndogo, atapumzika Krismasi au atapumzika Februari, atapangiwa ratiba inayojulikana au atakaa karibu na simu akingoja kuitwa. Wanaomtangulia huchagua kwanza, naye huokota kilichosalia. Biashara ikidorora na watu wakasimamishwa kazi, huanzwa na aliyeingia mwisho. Na akihamia shirika jingine, hata awe amekuwa kapteni kwa miaka ishirini, huandikwa chini ya orodha mpya, chini ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita, na kulipwa mshahara wa mwaka wa kwanza.

Linganisha na kazi yangu. Mhadhiri akitoka chuo kimoja kwenda kingine huenda na shahada zake, makala yake na, akiwa na bahati, cheo chake. Profesa hageuki msaidizi kwa kuvuka barabara. Seremala huenda na randa yake na sifa yake. Rubani huenda na kitabu cha saa alizoruka, lakini saa hizo humfungulia mlango tu, hazimpi kiti.

Mgala muue na haki yake mpe. Utangulizi haukubuniwa na wajinga. Vyama vya marubani viliupigania kwa sababu njia nyingine zote za kupandisha watu vyeo zilifungua mlango wa upendeleo. Nani atapima umahiri wa marubani wawili ambao wote walitua salama maelfu ya mara? Atapima meneja, na meneja ana wapwa na marafiki. Fauka ya hayo, utangulizi ni ngao ya abiria. Kapteni akikataa kurusha ndege kwa sababu ya hitilafu au hali mbaya ya hewa, anaigharimu kampuni fedha nyingi. Kama cheo chake kingetegemea hisani ya bosi, siku moja angeyameza maneno na kuruka. Kwa kuwa cheo hutegemea nambari isiyoguswa na mtu, hukataa bila hofu. Sisi tunaoishi katika nchi ambayo kupanda cheo hutegemea umzaliwa wa nani tunapaswa kuufikiria utaratibu huu kwa heshima kabla ya kuucheka.

Lakini ngao hiyo imefungwa mnyororo. Mwajiri ajuaye kwamba mfanyakazi hawezi kuondoka bila kupoteza kila kitu hana haja ya kumbembeleza. Tena mwajiri wa shirika la kanda alikuwa na silaha nyingine: ndoto. Kijana hakuja kwake kutafuta maisha. Alikuja kutafuta saa za kuruka, apate kuajiriwa baadaye na shirika kubwa ambako kapteni mwenye miaka mingi hulipwa mara kumi ya alichokuwa akilipwa yeye. Mchumia juani hulia kivulini, aliambiwa, naye akakaa juani.

Ujira wenyewe huhesabiwa kwa saa, na saa hiyo si ile ya mshipi wa mkononi. Kwa kawaida huanza ndege inapoondoka langoni na kukoma inapofika lango jingine. Muda wa kuikagua ndege na wa kungoja ukungu uondoke hauhesabiwi. Rubani aweza kushinda kazini saa kumi na mbili akalipwa tano. Chukua mfano wa dola 22 kwa saa, malipo ya kawaida kwa msaidizi wa mwaka wa kwanza katika miaka ya 2000. Zidisha kwa saa 75 za mwezi, kisha miezi 12, upate dola 19,800 kwa mwaka kabla ya kodi. Ondoa mkopo wa mafunzo ambao waweza kufikia makumi ya maelfu ya dola, na sasa hupita 100,000, uone kinachobaki cha kulipia chumba.

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya shirika la kanda la Colgan Air, iliyokuwa ikiruka kwa jina la Continental, ilianguka juu ya nyumba huko Clarence Center karibu na Buffalo, jimboni New York. Wote 49 waliokuwamo waliangamia, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba ile. Ilikuwa ndege aina ya Q400 yenye mapanga mawili, aina ile ile ambayo shirika letu la Jambojet huitumia kwenda Kisumu na Malindi. Bodi ya taifa ya usalama wa uchukuzi iligundua kwamba mwendo ulipungua mno bila marubani kutambua. Ndege ilipoonya kwamba inakaribia kupoteza mbeba wa hewa, kapteni aliuvuta usukani badala ya kuusukuma.

Uchunguzi ulipofanywa hadharani, Wamarekani walisikia mengine ambayo hawakuyatarajia. Rubani msaidizi, mwanamke wa miaka 24, aliishi karibu na Seattle, upande wa pili wa bara, kwa kuwa ujira wake haukulingana na gharama za mahali alikopangiwa kazi karibu na jiji la New York. Usiku wa kuamkia safari ile alikuwa angani akidandia ndege za mizigo kupitia Memphis ili afike kazini, kisha akajipumzisha katika ukumbi wa wafanyakazi. Kapteni naye aliishi Florida, na alikuwa amelala katika ukumbi huo huo. Makadirio ya mshahara wa msaidizi yaliyotajwa yalitofautiana, kati ya dola 16,000 hivi na 24,000 hivi kwa mwaka. Ilisemwa pia kwamba hapo awali aliwahi kufanya kazi katika duka la kahawa siku zake za mapumziko.

Bodi ilisema uchovu yamkini uliwaathiri wote wawili, ila haikuweza kupima kwa kiasi gani. Nami sisemi kwamba mshahara ndio uliouvuta usukani. Nasema kwamba watu hamsini walifariki ndipo taifa lile likauliza msaidizi wa kapteni hulala wapi.

Jibu la Bunge la Marekani lilikuja mwaka 2010 kwa sheria mpya. Saa za kupumzika ziliongezwa kwa kanuni zilizoanza kutumika Januari 2014, na kuanzia 2013 msaidizi hakuruhusiwa tena kubeba abiria wa shirika akiwa na saa 250 za kuruka. Ilimlazimu awe na 1,500, zikipunguzwa kwa aliyesomea chuoni au jeshini. Wakosoaji walionyesha, na kwa haki, kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na saa zaidi ya 1,500. Kuhusu mshahara sheria ilinyamaza.

Ili tuone jinsi nambari hii inavyoweza kuwararua watu, tuangalie kisa cha US Airways. Mwaka 2005 shirika hilo, likiwa limefilisika, liliunganishwa na America West. Orodha mbili zikawa lazima ziwe moja. Marubani wa US Airways, ambao wengi walikuwa na miaka mingi kazini, walitaka tarehe ya kuajiriwa itumike. Wale wa America West, wengi wao wakiwa wameajiriwa karibuni, walisema: shirika lenu lilikuwa linakufa, nafasi zenu zilikuwa za maiti, tupangwe kwa mahali kila mtu alipokuwa katika orodha yake. Mwamuzi George Nicolau alikata shauri mwaka 2007. Mamia ya wakongwe wa US Airways aliwaweka juu, walio katikati akawachanganya kwa kulinganisha nafasi, na waliokuwa wamesimamishwa kazi akawaweka chini kabisa. Hivyo mtu mwenye miaka 17 tangu aajiriwe, lakini ambaye alikuwa nyumbani akingoja kuitwa, alijikuta nyuma ya kijana mwenye miezi michache. Marubani wa US Airways walikasirika hata wakakiangusha chama chao na kuunda kingine mwaka 2008. Kwa miaka mingi pande hizo mbili ziliruka mbalimbali katika shirika lenye jina moja, kesi zikifuatana, na orodha ya mwisho haikupatikana hadi 2016, baada ya kuungana tena na American Airlines. Mjadala wote ulikuwa juu ya maana ya neno: kutangulia ni kufika kwanza, au ni kuwa mbele? Nimefundisha semantiki miaka mingi wala sijaona swali la maana lililowagharimu watu fedha nyingi hivyo.

Wakati huo vijana wa mashirika ya kanda walikuwa wamekwama. Mashambulizi ya Septemba 2001 yalifuatwa na kufilisika kwa mashirika makubwa, na maelfu ya marubani wakasimamishwa. Desemba 2007 umri wa kustaafu ukasogezwa kutoka 60 hadi 65. Kwa mzee wa miaka 59 hiyo ilikuwa neema. Kwa kijana wa chini ilikuwa miaka mitano ya kuongeza juani, kwa sababu katika orodha hakuna asogeaye mpaka wa juu aondoke. Mwaka uliofuata uchumi ukaanguka.

Aliyebaki katika shirika la kanda alikabiliwa na chaguo gumu kila upande. Kuwa kapteni huongeza mshahara, lakini msaidizi mwenye nafasi nzuri, anayelala kwake siku za Jumapili, akikubali ukapteni huwa kapteni wa mwisho, na kurudi kukaa karibu na simu. Wako waliokataa cheo ili wawaone watoto wao. Kuhama ni kupoteza. Kubaki nako si salama. Marubani wa Comair, shirika la kanda lililomilikiwa na Delta, waligoma siku 89 mwaka 2001 wakadai ujira wa haki, na wakapata nyongeza. Gharama zao zikawa juu kuliko za washindani wao, safari zikapunguzwa mwaka baada ya mwaka, na Septemba 2012 shirika likafungwa. Utangulizi walioujenga kwa miaka ishirini ulizikwa siku moja. Kutangulia si kufika.

Kilichobadilisha mambo hatimaye kilikuwa uhaba. Kanuni ya saa 1,500 ilipunguza waingiao. Waliosogezewa umri mwaka 2007 wakaanza kufika 65. Na mwaka 2020, korona ilipozituliza ndege ardhini, mashirika makubwa yaliwalipa wazee wengi waende nyumbani mapema. Abiria waliporejea, makubwa yaliwachukua marubani wa kanda kwa pupa. Juni 2022 mashirika madogo yanayomilikiwa na American yalitangaza dola 90 kwa saa kwa msaidizi wa mwaka wa kwanza, kwa saa 75 zile zile ikiwa ni dola 81,000 kwa mwaka. Sauti zilizodai miaka yote kwamba biashara haiwezi kustahimili nyongeza zilififia ghafla. Hata hivyo gharama ililipwa na wengine: Septemba 2022 American iliacha kuhudumia Toledo, Ithaca na Islip, ikitaja upungufu wa marubani.

Nijuavyo mimi, uhaba si haki. Ukija msimu mwingine wa watu wengi na ndege chache, mnyororo ungali pale pale, na ujira waweza kurudi ulikotoka. Wapo waliopendekeza orodha moja ya taifa ili rubani ahame na nafasi yake. Wazo hilo lapendeza masikioni, lakini nani atakubali mgeni aje kukaa juu yake? Na mwajiri gani ataajiri wakongwe tu, kwa mshahara wa juu, pindi shirika la jirani likifungwa? Utangulizi wa ratiba, likizo na cheo ubaki ndani ya shirika. Miaka ya uzoefu, kwa upande wa mshahara, ihesabiwe kokote mtu aendako. Na shirika kubwa lililopaka rangi zake juu ya ndege liwajibike kwa ujira wa chini wa yule anayeiendesha, kwa maana abiria alinunua jina lake.

Kwetu hapa, Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways walipogoma, moja ya madai yao ikiwa michango ya mwajiri katika mfuko wao wa akiba ya uzeeni, nilisikia watu wenye heshima zao wakisema: "Kama hawataki, waende kwingine!" Mahakama iliwaamuru warejee, nao wakarejea. Waliosema hivyo hawakujua kwamba utangulizi umeenea katika mashirika mengi ya dunia, na kwamba "kwingine" kwa rubani ni chini ya orodha. Waliohamia Ghuba walivutwa na mshahara usio na kodi. Aliyetaka kurudi nyumbani alijua kwamba wenzake aliowaacha nyuma wamekwisha kumpita.

Mzazi mmoja alinijia mwaka jana, akidhani kwamba daktari wa chuo hujua kila kitu. Alitaka kuuza ekari mbili ili bintiye asomee urubani katika Uwanja wa Wilson. Sikumkataza, kwani msichana ana akili na kazi ni ya heshima. Nilimwuliza kama bintiye amezungumza na rubani mwenye miaka mitatu kazini, si kapteni mwenye ishirini: huyo wa miaka mitatu analipwa kiasi gani mwezi huu, na amelipa sehemu gani ya deni lake? Alikwenda kuuliza. Ekari moja imeuzwa, ya pili wameikodisha, na msichana ameanza kwa leseni ya kwanza tu, huku akifundisha hisabati jioni.